Bahari Huanzia Madogo: Kiswahili na Uhamasishaji wa Uhifadhi wa Bahari katika Bonde la Mto Tana

Ikisiri

Makala haya yanachunguza lugha inayotumiwa kuuhamasisha umma kuhusu uhifadhi wa bahari nchini Kenya, yakiutazama ujumbe huo kwa jicho la msomaji anayeishi mbali na ufuo. Mfano tulioteua ni Madogo, mji ulio ukingoni mwa Mto Tana, mkabala na Garissa. Hoja yetu ni kwamba uzima wa bahari ya Kipini na Ghuba ya Ungwana unategemea mambo yatendekayo mtoni, ilhali ujumbe mwingi wa uhifadhi umetungwa kwa namna ambayo mkaazi wa mtoni hajioni ndani yake. Tunahitimisha kwa kupendekeza kazi ambazo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanaweza kuzifanya ili kuziba pengo hilo.

1. Utangulizi

Kaunti ya Tana River ni mojawapo ya kaunti sita za Pwani ya Kenya. Hata hivyo, wodi ya Madogo, iliyo katika eneo bunge la Bura, imo ndani kabisa ya nchi kavu. Kutoka hapo hadi Garsen ni zaidi ya kilomita 200 kwa barabara, na kutoka Garsen bado kuna mwendo kabla ya kuiona bahari. Madogo hakuna ngalawa wala dau, na maji hayapwi wala hayajai kwa kuufuata mwezi. Maji yake hujaa mvua inyeshapo nyanda za juu na hupungua kiangazi kinapokaza. Kwa hiyo mtu akisimama kwenye baraza moja pale Madogo na kuwahutubia watu kuhusu uhifadhi wa bahari, yumkini ataulizwa swali la haki: bahari ipi, na inatuhusu nini?

Swali hilo ndilo linaloongoza makala haya. Tunalichukulia kuwa swali la kijiografia na la kiisimu kwa pamoja. Ni la kijiografia kwa sababu jibu lake limo katika mwendo wa maji ya Tana. Ni la kiisimu kwa sababu mkaazi wa Madogo hufanywa mgeni katika jambo hili na maneno yenyewe tunayoyatumia. Tutaanza na mto, kisha tutaingia katika lugha.

2. Mto na bahari yake

Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Urefu wake unakaribia kilomita 1,000. Chemchemi zake ziko katika Milima ya Nyandarua na Mlima Kenya. Ukiwa katika nyanda za juu hupokea vijito vingi, na maji yake huzuiliwa na mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma lilianza kuzalisha umeme mwaka 1968, nalo Kiambere likakamilika mwaka 1988. Sehemu kubwa ya maji yanywewayo jijini Nairobi pia hutoka katika bonde hili la Tana, hususan bwawa la Ndakaini lililo kwenye Mto Thika.

Jambo moja kuhusu mto huu lafaa kukaririwa na kila mwanafunzi wa bonde la Tana. Ukishapita Garissa na Madogo, hauongezewi tena maji na tawimto lolote la kudumu. Iliyopo ni mikondo ya msimu, ambayo hutiririka siku chache za mvua kisha ikakauka. Maana yake ni kwamba, kwa sehemu kubwa ya mwaka, maji yapitayo chini ya daraja la Garissa ndiyo yatakayowafaa watu wa Bura, Hola, Wenje na Garsen, na ndiyo hayo hayo, au masalio yake, yatakayomwagika katika Bahari Hindi pale Kipini. Kilichotiwa ndani ya maji hayo hakina tawimto la kukizimua, na kilichotolewa hakina tawimto la kukirudisha.

Historia nayo inatufunza kwamba mkono wa binadamu unaweza kuubadilisha hata mdomo wa mto. Mfereji wa Belezoni, uliochimbwa katika karne ya 19, uliunganisha Tana na Mto Ozi, na hatimaye maji mengi ya Tana yakaifuata njia hiyo hadi Kipini. Delta tunayoiona leo, ambayo iliorodheshwa mwaka 2012 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, kwa kiasi fulani ni kazi ya majembe ya watu.

3. Yanayopotea mdomoni mwa mto

Bahari inayopokea maji ya Tana ni bahari ya tope, na hapana budi tuseme mapema kwamba tope si uchafu kila mahali. Ghuba ya Ungwana inasifika kwa kamba kwa sababu ya tope hilo na rutuba yake. Kamba wachanga hukulia katika maji ya mikokoni, ambako maji baridi ya mto huchanganyika na ya chumvi, kisha wakishapevuka huelekea kwenye kina kirefu. Mto ukidhoofika, malezi hayo huvurugika. Kwa upande mwingine, mto uliobeba udongo kupita kiasi, kwa sababu misitu na miteremko ya juu imeachwa wazi, huuziba mwanga unaohitajiwa na matumbawe na nyasi za bahari. Mfano wa karibu ni Mto Sabaki, ambao tope lake hufika kwenye matumbawe ya Malindi, mahali palipotangazwa kuwa hifadhi ya bahari tangu mwaka 1968. Nairobi hunywa maji ya bonde la Tana, lakini majitaka yake huteremka kwa Mto Athi, ambao ndio Sabaki wenyewe ukifika pwani. Jiji lisilo na ufuo limeigusa bahari kwa mikono yote miwili.

Mikoko nayo ina lake la kusema. Kenya ina aina tisa za miti ya mikoko, na wenyeji wa pwani wameipa majina yanayoitofautisha: mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, muia, mlilana, mkomafi, msikundazi na mingineyo. Msikundazi hupendelea mahali penye maji yasiyo na chumvi nyingi, na ndiyo maana hupatikana penye midomo ya mito kama Tana. Mti huo ni shahidi aliye hai kwamba kuna sehemu ya bahari isiyoweza kuishi bila mto.

Panapokosekana maji ya kutosha kutoka juu, bahari haisubiri, hupanda. Katika kijiji cha Ozi, karibu na Kipini, wakulima wa mpunga na wenye miembe wameshuhudia maji ya chumvi yakiingia mtoni na kuyafikia mashamba yao. Wapo waliolazimika kuyaacha mashamba waliyorithi. Tukumbuke pia kwamba wavuvi wadogo wa ghuba hiyo waligombana kwa miaka mingi na meli za kukokota nyavu, hadi serikali ilipousimamisha uvuvi huo mwaka 2006 na kuandaa mpango wa usimamizi wa uvuvi wa kamba mwaka 2010 kabla ya kuuruhusu tena. Ugomvi huo ulisikika kwa sababu adui alikuwa na umbo: meli. Madhara yanayoteremka na mto hayana umbo hilo. Huja polepole, yakiwa ya rangi ya maji.

4. Lugha inayomwondolea mtu lawama

Sasa tuangalie lugha. Ujumbe wa kawaida wa uhifadhi wa bahari huja kwa sentensi za namna hii: “Usitupe taka baharini”, “Tuitunze bahari yetu”, “Wavuvi, acheni nyavu haramu”. Ni sentensi fupi, sahihi na zenye nia njema. Lakini zikichambuliwa kwa makini, kila moja ina mlango ambao mkaazi wa Madogo anaweza kutokea.

Tuanze na “Usitupe taka baharini”. Kiambishi -ni katika neno “baharini” ni cha mahali. Kinaonyesha pale ambapo kitendo cha kutupa kinakamilikia. Anayetupa chupa ya plastiki ukingoni mwa Tana hakuitupa baharini. Aliitupa mtoni, au kando ya njia, na mvua ikaisomba. Kisarufi, sentensi hiyo haimkatazi lolote. Tendo alilolifanya na mahali lilipofanyika havimo ndani yake, kwa hiyo anaisoma, anaikubali, na kuendelea na safari yake akiwa hana hatia. Marufuku ya mifuko ya plastiki, iliyoanza kutekelezwa nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017, ilikuwa na nguvu zaidi kuliko kauli hii kwa sababu haikutaja mahali. Ilikitaja kitu chenyewe, popote kilipo.

Pili, “bahari yetu”. Kimilikishi -etu hudai kuwepo kwa “sisi” wanaofahamiana. Kwa mtu wa Lamu au Kilifi, “sisi” hao ni dhahiri. Kwa Mmunyoyaya anayelima na kuvua mtoni, kwa Mwilwana mwenye shamba la ukingoni, na kwa Msomali au Muorma anayeleta ng’ombe kunywa maji, “bahari yetu” ni bahari ya watu wengine. Kimilikishi kilichokusudiwa kumkaribisha kinamfungia nje.

Tatu, uteuzi wa msemeshwa. Sentensi zinazoanza kwa “wavuvi” humfanya mvuvi kuwa mtuhumiwa wa pekee, ingawa yeye ndiye wa kwanza kuumia. Mwenye kufyeka miti kwenye miteremko ya juu, mwenye kiwanda, mwenye shamba kubwa la umwagiliaji na mji usio na mahali pa kutupia taka hawatajwi kamwe.

Kuna pia suala la istilahi. Maneno kama “bayoanuwai”, “mfumo ikolojia” na “uchumi wa buluu” yana kazi yake katika taaluma na sera, na makala haya hayakusudii kuyabeza. Hata hivyo, istilahi mpya ikitangulia kufika mahali kabla ya dhana yake kueleweka, huonekana kama mzigo wa mgeni. Kiswahili cha wavuvi kimekuwa na maarifa ya uhifadhi kabla ya istilahi hizo. Mvuvi husema “mazalia” akimaanisha mahali samaki wanapozalia; hutofautisha “bamvua” na “maji mafu”; hujua pepo za kaskazi na kusi na ni wakati gani bahari hujipumzisha yenyewe kwa kuwa haiendeki. Maneno haya ni elimu iliyokwisha kuhakikiwa na vizazi.

5. Mifano ya ujumbe uliopokelewa

Ipo mifano ya ujumbe wa uhifadhi uliopokelewa kwa sababu ulizungumza kwa lugha ya wenyewe. Wa kwanza ni Kuruwitu, Kaunti ya Kilifi. Katikati ya mwongo wa kwanza wa karne hii, wavuvi wa hapo waliamua kutenga sehemu ya bahari isivuliwe ili samaki warudi. Sehemu za namna hiyo zimekuja kujulikana kama “tengefu”. Neno hili linatokana na kitenzi “tenga”, na kila mwenye kujua Kiswahili huielewa maana yake bila kufunzwa. Aliyetenga ni mtu, na alichokitenga amekiweka kwa ajili ya baadaye, kama mama anavyomtengea chakula mtoto ambaye hajarejea. Ndani ya neno hilo hamna polisi, mna familia.

Mfano wa pili ni Kisiwa cha Misali, magharibi mwa Pemba. Wenyeji husimulia kwamba kisiwa hicho kilitumiwa na Nabii Khidhri kama msala wa kuswalia, na jina lake huhusishwa na msala huo. Juhudi za kuyahifadhi matumbawe yake zilipata nguvu mpya pale mafundisho ya Kiislamu kuhusu amana na dhamana ya binadamu juu ya viumbe yalipotumiwa kuwaelimisha wavuvi. Walichokisikia kilikuwa kwa lugha ya msikiti wao, si ya mradi. Somo hili lina uzito Madogo, ambako Waislamu ni wengi na ambako haki ya jirani ni jambo linalohubiriwa kila wakati. Je, aliye chini ya mto si jirani?

Mfano wa tatu ni dau la Flipflopi, lililoundwa Lamu chini ya uongozi wa fundi Ali Skanda kwa plastiki iliyookotwa, zikiwamo kandambili nyingi, na kuzinduliwa mwaka 2018. Mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Wahusika hawakuandika kibao. Walikitwaa chombo ambacho kila mtu wa mwambao anakijua, wakakiunda kwa kitu ambacho kila mtu amekitupa. Aliyeliona dau hilo alikuwa ameusoma ujumbe wote.

6. Sitiari za mtoni

Je, mtu wa Madogo aundiwe ujumbe kwa sitiari gani? Dau si lake, wala mwamba wa pweza. Lakini anazo zake.

Wafugaji wa bonde la Tana wana neno “malka”, yaani njia ya mifugo kuufikia mto. Malka ikizibwa na shamba au ua, ugomvi huzuka, kwa kuwa mnyama asiyefika majini hufa. Kila mtu wa Madogo anaijua haki ya malka. Tunaweza basi kusema kwamba mto nao una malka yake ya kuifikia bahari, na bahari ina haki ya kunyweshwa. Anayeyazuia maji yote juu, au kuyajaza taka, ameiziba malka. Sitiari hii haihitaji kutafsiriwa kwa Kiorma wala Kisomali, imetoka huko.

Methali nazo zipo. Husemwa kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa kawaida tunaifasiri methali hii kuwa inahusu udogo wa mtu na ukubwa wa shida yake. Ila inaweza kusomwa upya kwa macho ya uhifadhi: ukubwa wa bahari hutegemea anayeitazama, na yapo maji madogo ambayo kwa kiumbe fulani ndiyo bahari nzima. Kwa kamba mchanga aliyemo mikokoni, maji ya kifuu ni yale yanayotoka Madogo.

Hata hivyo, sharti tuwe waangalifu. Madogo inayajua maji kwa sura nyingine pia. Mafuriko ya Novemba 2023 yaliikata barabara ya kwenda Garissa, na mwezi wa Aprili 2024 mashua iliyokuwa ikivusha watu ilipinduka pale Kona Punda, watu wakapoteza maisha. Kwa waliofiwa, kuambiwa “yaonee maji huruma” ni maneno yasiyo na adabu. Ujumbe wa kweli utaanza kwa kukiri kwamba mto umewaumiza, kisha uonyeshe kwamba udongo uliobebwa na mafuriko, mabwawa yaliyojaa na kingo zilizonyolewa miti ni mambo ya mlolongo mmoja: yanayomdhuru wa juu ndiyo yanayomdhuru wa chini. Hapo ndipo kimilikishi -etu kitakapopata haki ya kutumika.

Fasihi yetu pia ina deni. Katika ushairi wa Kiswahili, bahari imetumika mno kama sitiari ya mapenzi, siasa, safari na mauti. Chombo kikizama, msomaji huelewa kwamba dola imezama. Ni nadra bahari kuwa bahari tu, yenye samaki, chumvi na uchafu. Mwanafunzi wa uhakiki anaweza kuuliza: bahari hii inayotusaidia kusema kila kitu, ni nani atakayeisemea yenyewe? Na tusiseme kwamba sanaa ya mtoni haifiki mbali. Wimbo wa Taifa wa Kenya ulichukua lahani yake kutoka bembea ya Wapokomo. Lahani iliyoimbiwa watoto kingoni mwa Tana leo husimamiwa wima na taifa zima.

7. Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, wanafunzi watokao katika bonde la Tana wakusanye msamiati wa maji unaotumiwa Madogo, Hola, Garsen na Kipini, kwa Kiswahili na kwa lugha jirani, na waulinganishe. Faharasa ya namna hiyo itafaa kwa leksikografia na kwa uhamasishaji.

Pili, kauli za uhifadhi zitungwe upya kwa kufuata mwendo wa maji. Badala ya “Usitupe taka baharini”, tunaweza kusema: “Unachokitupa Madogo huvuliwa Kipini.” Sentensi hii ina mtendaji, ina tendo, ina mahali pawili panapojulikana, na ina mtu anayedhurika.

Tatu, mashindano ya ushairi na ngonjera ya shule yashirikishe shule za juu na za chini ya mto kwa pamoja. Mtoto wa Ozi amwandikie wa Madogo kuhusu chumvi, na wa Madogo amjibu kuhusu mafuriko. Majibizano ni utanzu mkongwe wa Kiswahili. Hapa yatakuwa na la kujibizania.

Nne, watafsiri wanaoajiriwa na miradi ya mazingira wadai kuzungumza na walengwa kabla ya kutafsiri. Tafsiri sahihi kwa mtu asiyehusika ni kazi bure.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kati ya Madogo na bahari hakuna ukuta, kuna mkondo, na kwamba pengo lililopo limejengwa kwa maneno. Lugha iliyotaja mahali pa kufikia na kusahau mahali pa kuanzia imewaacha watu wengi nje ya wajibu, na nje ya haki pia, kwa sababu asiyehesabiwa miongoni mwa wenye bahari haulizwi mto unapogawanywa. Sayansi ya bahari ina wenyewe, nao wanafanya kazi yao. Kiambishi -ni, kimilikishi -etu na uteuzi wa msemeshwa ni vitu vyetu sisi wa Kiswahili, na hapana mwingine atakayetusahihishia. Kule Ozi chumvi inapanda kila kiangazi. Sentensi zetu nazo zianze kuteremka na mto.